Shafti Moja, Gereji Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Lori Lililorefushwa Chasisi

Kisa hiki kinahusu lori la mizigo lililorefushwa chasisi, likaanza kutetemeka, likala krosi (viungo vinavyoiruhusu shafti kuzunguka ikiwa kwenye pembe) moja baada ya nyingine, na mwishowe likaangusha barabarani propela shafti, yaani bomba refu linalopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi ekseli ya nyuma. Majina ya watu na gereji, njia ya safari, aina ya gari na namba zake vimeondolewa. Nimezungumza na dereva, mwenye gari na mafundi wa gereji zote tatu, na nimepitia karatasi za vipimo za gereji ya mwisho. Nakiandika kwa ajili ya mafundi na wenye magari kwa sababu kazi ya kurefusha chasisi inafanyika kila siku katika miji yetu, na karibu kila mara shafti ndiyo hufikiriwa mwisho, wakati bodi imeshapakwa rangi.

Gari na kazi yake

Lori ni la diseli, la ekseli mbili, linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Liliingia nchini likiwa limetumika, tena likiwa na chasisi fupi. Mwenye gari anabeba magodoro. Huo ni mzigo unaojaza bodi kabla haujafikisha uzito, kwa hiyo kila safari alikuwa anaona nafasi inaisha huku springi zikiwa bado zimekaa juu. Aliamua kuongeza urefu wa bodi, na ili bodi isining'inie nyuma ya matairi, chasisi ikarefushwa kwa sentimita 90 na ekseli ya nyuma ikasogezwa nyuma kwa kiasi hicho hicho. Uamuzi wenyewe ulikuwa na akili: mzigo ni mwepesi, chasisi iliongezewa vyuma vya ndani sehemu ya kiungo, na hadi leo haijaonyesha ufa.

Kabla ya kurefushwa, shafti ilikuwa ya kipande kimoja. Kutoka krosi ya mbele hadi krosi ya nyuma ilikuwa na milimita 1,350. Bomba lake lilikuwa na kipenyo cha nje cha milimita 76 na ukuta wa milimita 3. Baada ya kurefushwa, umbali huo ukawa milimita 2,250.

Namba nyingine tatu zitahitajika mbele. Difu, yaani gia za katikati ya ekseli ya nyuma, inapunguza mzunguko mara 5. Tairi likizunguka mara moja gari linasogea mita 2.46. Gia ya juu ni ya moja kwa moja, yaani gia boksi haiongezi wala kupunguza mzunguko. Ukiziweka pamoja unapata kwamba kila kilomita 10 kwa saa za mwendo wa gari ni kama mizunguko 340 ya shafti kwa dakika. Kwenye 70 shafti inazunguka karibu mara 2,370 kwa dakika, na kwenye 80 karibu mara 2,700.

Mambo yalivyofuatana

Gereji ya kwanza ndiyo iliyorefusha chasisi na shafti kwa pamoja. Shafti ilikatwa katikati, ikaongezwa kipande cha bomba la ukubwa ule ule, ikachomelewa juu ya chuma cha pembe kilicholazwa chini, na unyoofu wake ukapimwa kwa kamba na kwa jicho. Yoki za pande mbili, yaani vile vyuma vya umbo la uma vinavyoshika krosi, hazikuwekewa alama kabla ya kukata.

Safari ya kwanza tu dereva alijua kuna jambo. Alieleza kwamba kuanzia kama 65 gari lilianza kuvuma, na likifika 70 sakafu ilitoa mtetemo wa haraka uliotia ganzi kwenye nyayo, huku usukani ukiwa umetulia. Akipita 75 mtetemo ulipungua kidogo, lakini alishindwa kukaa pale muda mrefu. Alieleza pia jambo ambalo hakuna aliyelitilia maanani: kwenye mwendo wa 35 hadi 40 palikuwa na mngurumo mdogo unaokuja na kupotea. Dereva huyu alifanya jaribio zuri kwa akili yake mwenyewe. Akiwa kwenye 70 alitoa gia akaacha gari liserereke. Injini ilishuka hadi sailensa, yaani mzunguko wake wa chini kabisa, mtetemo ukabaki pale pale. Akaripoti kwa tajiri wake kwamba tatizo haliko kwenye injini.

Tajiri alisikia "haliko kwenye injini" akaelewa "liko kwenye matairi". Matairi yakabalansiwa, kisha mawili ya nyuma yakabadilishwa. Hakuna kilichobadilika. Baada ya wiki chache krosi ya nyuma ikaanza kugonga, ikawekwa mpya. Baada ya muda mfupi ikafuata ya mbele. Kisha oili sili ya mkia wa gia boksi ikaanza kuvuja, ikabadilishwa, ikavuja tena, kwa sababu beringi iliyo nyuma yake ilikuwa tayari imeanza kulegea.

Ndipo gari likapelekwa gereji ya pili. Fundi wa pale alilaza shafti chini, akaitazama kutoka upande mmoja, akagundua mara moja kwamba yoki za pande mbili hazijalingana. Zilikuwa zimepishana kwa nyuzi kama 30. Alikuwa sahihi, na hilo lilikuwa kosa la kweli. Aliamua kutengeneza shafti upya, na kwa kuwa aliamini bomba la zamani lilikuwa jembamba mno kwa urefu ule, alitumia bomba la kipenyo kile kile lenye ukuta wa milimita 6. Yoki safari hii zililinganishwa.

Mngurumo wa 35 hadi 40 ulipungua sana. Mtetemo wa mwendo mkubwa ulibaki, na dereva akasema sasa unaanza mapema kuliko zamani. Gereji ilimjibu kwamba shafti mpya ni nzito na itazoea. Kwa miezi kadhaa gari liliendelea kupiga kazi hivyo hivyo, dereva akijitahidi kukaa chini ya 60, akisahau kwenye mteremko.

Siku shafti ilipodondoka

Lori lilikuwa limemaliza mteremko mrefu na linaingia tambarare. Krosi ya nyuma ilivunjika. Upande wa nyuma wa shafti ulianguka kwenye lami huku upande wa mbele ukiwa bado umeshikwa na gia boksi na unazunguka. Shafti ikawa inajitupa huku na huku chini ya gari. Ilipinda bomba la moshi na kukata bomba la breki linalokwenda magurudumu ya nyuma.

Dereva alikanyaga breki, pedeli ikazama kuliko kawaida, lakini njia ya breki za mbele ilibaki nzima na gari likapungua mwendo. Breki ya moshi haikusaidia kitu, maana bila shafti injini haiunganishwi tena na magurudumu. Alifanikiwa kutoka pembeni, mahali penye mwinuko mdogo, akavuta breki ya mkono. Gari likaanza kurudi nyuma.

Hapa nataka msomaji atulie kidogo. Kwenye malori mengi ya ukubwa huu, breki ya mkono haiko kwenye magurudumu. Ni dramu iliyofungwa kwenye mkia wa gia boksi, na inashika magurudumu kupitia propela shafti. Shafti ikikatika, breki ya mkono inashika hewa. Dereva huyu alikuwa na uzoefu wa miaka mingi na hakuwahi kuambiwa hivyo. Utingo aliruka na jiwe, akalitupa nyuma ya tairi, gari likasimama. Hakuna aliyeumia.

Vipimo vya gereji ya tatu

Gereji ya tatu ni karakana yenye mashine ya kuchonga na mashine ya kubalansi shafti. Fundi mkuu alikataa kuanza na kuchomelea. Alianza na mambo matatu.

Kwanza alikwenda kutafuta bomba lililorefushwa na gereji ya kwanza. Lilikuwa bado limeegeshwa nyuma ya gereji ya pili, miongoni mwa vyuma chakavu. Alilifunga kwenye mashine ya kuchonga, akaweka katikati dayali geji, kipimo cha sindano kinachosoma sehemu ndogo za milimita, na kulizungusha kwa mkono polepole. Sindano ilisafiri milimita 1.8. Maana yake bomba lilikuwa limepinda, katikati yake imehama karibu milimita 0.9 kutoka kwenye mstari wa mzunguko. Kwa shafti za ukubwa huu, usomaji unaokubalika kwa kawaida hauzidi nusu milimita. Chanzo kilionekana kwa macho: mshono mmoja ulichomelewa mfululizo kutoka upande mmoja, na chuma kilipopoa kikavuta.

Pili alipima pembe. Aliweka kipima mteremko kwenye flanji (sahani ambayo shafti hufungwa kwa bolti) ya gia boksi na kwenye flanji ya difu, gari likiwa tupu, kwenye sakafu iliyosawazishwa. Mhimili wa gia boksi ulikuwa unashuka kuelekea nyuma kwa nyuzi 3. Mhimili wa pinioni ya difu, yaani gia ndogo inayopokea mzunguko wa shafti, ulikuwa umeinuka puani kwa nyuzi 1.5 tu. Vishikio vya springi vilipochomelewa upya, ekseli ilikaa ikiwa imeinama kidogo. Krosi ya mbele ilikuwa inafanya kazi kwenye pembe ya karibu nyuzi 2.9, ya nyuma kwenye nyuzi 4.4.

Tatu, na hili ndilo lililofungua kila kitu, alikokotoa kasi hatari ya shafti.

Kasi hatari ni nini

Hakuna bomba lililonyooka kabisa, na hakuna shafti ambayo uzito wake umekaa sawasawa katikati. Ikizunguka, uzito uliohama unaivuta nje kidogo. Bomba linajirudisha kwa ugumu wake. Mzunguko ukiongezeka, mvuto wa nje unakua, na kuna kasi moja ambapo ugumu wa bomba unashindwa kabisa kuurudisha uzito huo. Hapo shafti inatanuka katikati kama kamba ya watoto ya kuruka, na mafundi husema inachapa. Rankine wa Uskoti aliliandikia jambo hili mwaka 1869, na Dunkerley alichapisha majaribio na hesabu zake mwaka 1894, gari za injini zikiwa ndiyo kwanza zinaanza.

Kwa bomba la chuma lililoshikwa ncha mbili, hesabu ni hii: chukua kipenyo cha nje kizidishe kwa chenyewe, chukua cha ndani kizidishe kwa chenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, zidisha kwa milioni 121, kisha gawa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Vipimo vyote viwe kwa milimita. Jibu ni mizunguko kwa dakika.

Shafti ya awali ya milimita 1,350 inatoa karibu 6,860. Injini hii haiwezi kuifikisha huko. Shafti iliyorefushwa hadi milimita 2,250, kwa bomba lile lile, inatoa karibu 2,470, yaani mwendo wa gari wa kilomita 73 kwa saa. Urefu uliongezeka chini ya mara mbili, kasi hatari ikashuka karibu mara tatu, kwa sababu urefu unahesabiwa mara mbili kwenye mgawanyo. Katika uhalisia inatokea mapema kidogo kuliko hesabu, kwa kuwa beringi na viungo vina ulegevu wake. Dereva alisema 65 hadi 70. Na ndiyo maana ilipungua kidogo alipopita 75: shafti ilikuwa imevuka kilele chake.

Watengenezaji wa shafti hushauri kutopita kama asilimia 75 ya kasi hatari. Kwa shafti ile, hiyo ni kilomita 55 kwa saa. Lori la safari ndefu halikai hapo.

Uamuzi uliofanyika na sababu zake

Fundi mkuu aliweka mezani njia nne, na mwenye gari alikaa naye wakazipitia moja moja.

Njia ya kwanza ilikuwa kubaki na shafti moja na kufunga kidhibiti mwendo kwenye 55. Ilikataliwa kwa sababu ya kibiashara, na pia kwa sababu gari linaloserereka mteremkoni halizuiwi na kidhibiti.

Njia ya pili ilikuwa bomba nene zaidi. Hiyo ilishajaribiwa, nitairudia chini.

Njia ya tatu ilikuwa bomba pana zaidi, la milimita 102 kwa ukuta wa milimita 3. Kasi hatari ingepanda hadi karibu 3,350. Asilimia 75 yake ni 2,510, sawa na kilomita 74 kwa saa. Ni nafuu kubwa, lakini bado haifiki 80, na bomba hilo lingegusa membari (chuma cha kukingama) ya katikati ya chasisi springi zikishuka. Flanji na yoki zote zingebidi zitafutwe za ukubwa mwingine.

Njia ya nne ilikuwa shafti ya vipande viwili yenye senta beringi, yaani beringi ya kuishikilia kwenye chasisi, katikati. Hii ndiyo iliyochaguliwa. Kipande cha mbele kilikuwa na milimita 1,000 kutoka krosi hadi senta beringi, cha nyuma milimita 1,250 kati ya krosi mbili, vyote kwa bomba la 76 kwa 3. Kasi hatari ya kipande cha nyuma ilifika karibu 8,000 kwa hesabu, na ya mbele ikazidi hapo. Tatizo la kuchapa lilitoka kabisa kwenye picha.

Njia hii ina gharama zake na fundi hakuzificha. Kuna krosi ya tatu ya kupaka grisi, kuna mpira wa senta beringi utakaochoka, na kuna membari mpya ya kubeba beringi ambayo lazima iwe ngumu kweli. Pembe nazo zinakuwa tatu badala ya mbili.

Kipande cha mbele kililazwa karibu kwenye mstari wa gia boksi, kwa nyuzi 4 dhidi ya 3 za gia boksi, hivyo krosi ya kwanza ikafanya kazi kwenye nyuzi 1. Haikuwekwa sifuri kwa makusudi. Krosi ikikaa bila pembe kabisa, sindano ndogo zilizomo ndani ya vikombe vyake hazibingiriki, zinagonga mahali pale pale na kuchimba mifereji. Kipande cha nyuma kilishuka kwa nyuzi 7.5, hivyo krosi ya kati ikawa na nyuzi 3.5. Ili krosi ya mwisho nayo iwe na 3.5, pua ya difu ilitakiwa kuinuliwa kutoka 1.5 hadi 4. Zikachongwa kabari za chuma za nyuzi 2.5, zikawekwa kati ya springi na ekseli, yuboti (bolti za umbo la U) zikakazwa upya.

Meno ya kuteleza, yanayoruhusu shafti kurefuka na kufupika ekseli ikipanda na kushuka, yaliwekwa katikati ya safari yake. Kwenye shafti ya gereji ya kwanza yalikuwa yamebanwa karibu hadi mwisho. Springi zikinyooka chini ya mzigo, shafti ile ilikuwa inaisukuma gia boksi kwa mkia, na nina hakika ilichangia kuua beringi ya mkia na ile sili.

Vipande vyote viwili vilipigwa dayali geji, vikabalansiwa kwenye mashine, na alama za mishale zikagongwa kwenye yoki na meno ili yeyote atakayeifungua aijue nafasi yake. Mwisho, pete mbili za usalama za chuma bapa zilifungwa kwenye chasisi kuzunguka shafti, moja karibu na krosi ya mbele, nyingine karibu na ile ya kati. Ile ya mbele ni muhimu kuliko zote. Shafti ikianguka kwa nyuma inaburuzika, lakini ikianguka kwa mbele inaweza kuchoma lami na kulinyanyua gari.

Matokeo

Kwenye jaribio bila mzigo, gari lilipita 80 bila mtetemo. Mngurumo wa 35 hadi 40 ulitoweka. Lakini lilipopakiwa na kuondoka kwenye mwinuko kwa gia ya kwanza, lilitetemeka kwa nguvu kwa mita chache kisha likatulia.

Chanzo kilikuwa zile kabari. Injini ikivuta kwa nguvu, ekseli inajisokota dhidi ya springi na pua ya difu inainuka zaidi. Ikiwa imepangwa sawa kabisa gari likiwa limesimama, wakati wa kuondoka inapita kiasi, na krosi mbili za nyuma hazilingani tena. Kabari zikapunguzwa hadi nyuzi 1.5, ili pua ikae chini kwa nyuzi 1 ya ziada gari likiwa tupu na ijipange yenyewe linapovuta. Membari ya senta beringi nayo iliongezewa kiimarisho. Mtetemo wa kuondokea uliisha.

Tangu hapo hakuna krosi iliyobadilishwa, na sili ya gia boksi imekauka. Mwenye gari alipopiga hesabu aligundua kwamba matairi, krosi, sili, beringi na shafti ya pili vilimgharimu zaidi ya shafti ya vipande viwili.

Uchambuzi: kwa nini bomba nene lilishindwa

Hili ndilo ningependa kila fundi wa kuchomelea alijue, kwa sababu imani ya kwamba chuma kinene ni dawa ya mtetemo imeenea sana na inaonekana ya busara.

Ukuta ukiongezwa kwa ndani, bomba linapata ugumu kidogo na uzito mwingi. Bomba la 76 lenye ukuta wa milimita 3 lina kilo 5.4 kwa mita. Lenye ukuta wa 6 lina kilo 10.4. Weka kipenyo cha ndani kipya kwenye hesabu ya juu na kasi hatari inashuka kutoka 2,470 hadi karibu 2,375, yaani kutoka kilomita 73 hadi 70. Dereva alisema mtetemo unaanza mapema. Alikuwa anasema kweli, na hesabu ilimuunga mkono.

Kisha uzito wenyewe. Shafti yenye bomba la kilo 12 ambayo uzito wake umehama nusu milimita tu, ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, inavuta kwa nguvu ya kama kilo 39, ikibadilisha upande mara 40 kila sekunde. Bomba la kilo 23 linavuta kwa kilo 74. Na hiyo ni kabla ya kuanza kuchapa. Krosi ya nyuma iliyovunjika ilikuwa inapigwa nyundo hiyo kila safari.

Bomba nene linastahimili msokoto mkubwa zaidi. Lingekuwa jibu sahihi kama shafti ingekuwa inasokoteka au kukatika kwa kuvuta mzigo mzito. Lori la magodoro halikuwa na shida hiyo.

Ni jambo hilo hilo linalofanya watu wakosee kuhusu bomba za alumini. Alumini ni nyepesi mara tatu kuliko chuma, lakini pia haina ugumu wa chuma, kwa kiwango karibu kile kile. Kwa kipenyo kimoja, kasi hatari haibadiliki. Faida yake inakuja pale unapolifanya bomba kuwa pana bila kuongeza uzito. Nyuzi za kaboni ndizo zinazovunja uwiano huo, ngumu na nyepesi kwa pamoja, na ndiyo maana magari kama Nissan GT-R, yenye injini mbele na gia boksi nyuma, yanatumia shafti ya namna hiyo. Kwa lori letu, senta beringi inafanya kazi ile ile kwa vipuri vinavyopatikana dukani.

Uchambuzi: yoki kupishana

Gereji ya pili ilistahili sifa kwa kuona yoki. Joenti ya krosi, iliyofahamika Ulaya tangu enzi za Cardano wa Italia na ambayo Robert Hooke aliieleza kwa kina katika karne ya 17, ina tabia moja. Ikifanya kazi kwenye pembe, upande wa kuingia unazunguka kwa mwendo sawa, lakini upande wa kutoka unaharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Dawa ni kuweka joenti ya pili inayofanya kinyume chake, ili kuchelewa kwa moja kufutwe na kuharakisha kwa nyingine. Hilo linafanikiwa kwa masharti mawili: pembe zilingane, na yoki mbili za shafti zikae kwenye mstari mmoja. Zikipishana kwa nyuzi 90 makosa yanajumlishwa badala ya kufutana. Kwa 30 yanafutana nusu nusu.

Msukumo huu unapiga mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa hiyo unaweza kuiamsha shafti kwenye nusu ya kasi hatari. Nusu ya 2,470 ni 1,235, na hiyo ni kilomita 36 kwa saa. Ule mngurumo mdogo wa 35 hadi 40 ulikuwa kidokezo kikubwa kuliko vyote, maana mwendo mmoja ukiwa nusu ya mwingine unaelekeza kidole kwenye shafti moja kwa moja. Ulipopungua baada ya yoki kulinganishwa, gereji ya pili ilipata uthibitisho kwamba imegusa mahali sahihi, na ikaishia hapo.

Uchambuzi: uchunguzi ungeweza kuwa mfupi

Matairi yalibadilishwa bila sababu. Kwenye 70, tairi la lori hili linazunguka karibu mara 8 kwa sekunde, na shafti karibu mara 40. Mtu anaweza kuhisi tofauti hiyo kwa mwili. Mtikisiko wa mara 8 unamrusha dereva kwenye kiti na kucheza na usukani. Mara 40 ni mvumo unaotia ganzi. Dereva alieleza ganzi tangu siku ya kwanza. Programu ya simu ya kupima mtetemo, iliyowekwa sakafuni, ingetoa namba hiyo kwa safari moja fupi.

Jaribio la kutoa gia lilikuwa sahihi na lilisomwa vibaya. Linaondoa injini na klachi. Linabakiza vyote vinavyozunguka na barabara: matairi, ekseli, difu na shafti. Kati ya hivyo, kimoja tu kilikuwa kimekatwa na kuchomelewa.

Krosi mbili kufa ndani ya muda mfupi nako kulihitaji kuulizwa swali. Mwaka 1903 Clarence Spicer alipewa hataza nchini Marekani kwa kuifunika joenti ili grisi ibaki ndani na vumbi libaki nje, na tangu hapo krosi inayopata grisi na kukaa kwenye pembe yake inadumu muda mrefu. Ikifa haraka huku grisi ipo, kitu kingine kinaiua. Kila mara ilipobadilishwa peke yake, kitu hicho kiliachwa kazini.

Kilichobaki

Breki ya mkono bado iko kwenye mkia wa gia boksi, na kuihamishia kwenye magurudumu ya lori hili ni kazi ambayo mwenye gari hajaianza. Kwa sasa kuna mbao mbili za kuzuia matairi zilizofungwa kando ya boksi la vifaa, na utaratibu ni kwamba zinashushwa kabla fundi yeyote hajafungua bolti ya kwanza ya flanji. Krosi zote tatu zinapigwa grisi kila oili ya injini inapobadilishwa, hadi grisi mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne vya kila krosi. Kikombe kimoja kikikataa kutoa, krosi inafunguliwa siku hiyo hiyo.